Kulinda Mafuta ya Kupikia kwa Nguvu ya Mimea



Mafuta ya kupikia ni miongoni mwa vitu vinavyokula mshahara wa mfanyakazi kimya kimya. Mwaka 2022 wengi wetu tuliona bei yake ikipanda karibu kila wiki. Vita vya Ukraine vilipunguza mafuta ya alizeti duniani, na mwezi Aprili mwaka huo Indonesia ikazuia kwa majuma kadhaa kuuza nje mafuta yake ya mawese. Jikoni kwetu mambo hayo ya mbali yalionekana kwenye chupa.

Njia moja ya kujitetea ambayo wafanyakazi wengi wameitumia ni kuchanga fedha na kununua dumu zima la lita 20, maana lita moja moja dukani huuzwa ghali zaidi. Njia hiyo ni nzuri, lakini ina adui. Familia inayotumia lita moja kwa wiki itakaa na dumu lake wiki 20, yaani karibu miezi mitano. Kabla ya kufika mwisho, mafuta huanza kunuka na ladha hugeuka. Ikiwa lita 4 za mwisho zinamwagwa, tumemwaga moja ya tano ya fedha tuliyochanga. Faida yote ya kununua kwa jumla imeishia shimoni.

Somo la leo linahusu jambo hilo. Mwishoni mwa somo kila mwanachama aweze:

(a) kueleza kwa nini mafuta huharibika;
(b) kutaja mimea inayoweza kuyalinda na namna inavyofanya kazi;
(c) kutofautisha kinga ya kweli na mazoea yenye hatari;
(d) kuendesha na wenzake jaribio dogo la kupima yale tunayoyasema hapa.

1. Muganza na mafuta yake

Tumeichagua Muganza, katika wilaya ya Rusizi, kuwa mfano wetu. Muganza imo katika bonde la Bugarama, kwenye pembe ambapo Rwanda hukutana na Burundi na Kongo. Kuna wafanyakazi wa kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanzishwa mwaka 1984, kuna wakulima wa mpunga, wapakizi wa mizigo, madereva na wauzaji wa sokoni. Kiswahili husikika huko tangu zamani, kabla hakijawa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017.

Mambo mawili yanaifanya Muganza kuwa darasa zuri. La kwanza ni joto. Wakati Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, bonde la Bugarama liko chini karibu na mita 1,000, nalo ni miongoni mwa sehemu zenye joto kuliko zote nchini. La pili ni biashara ya mpakani. Tangu zamani mawese yamevuka Mto Rusizi kutoka upande wa Kamanyola, na mengine yamepanda kutoka mashamba ya michikichi ya Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika nchini Burundi. Mpaka ukiwa wazi mafuta hupatikana. Ukifungwa, bei hupanda. Kwa hiyo mtu wa Muganza ana sababu ya kuweka akiba, na wakati huo huo anaishi mahali ambapo akiba hiyo huharibika upesi.

2. Mafuta huharibikaje?

Yafaa ieleweke kwamba mafuta yana maadui wawili, na kila mmoja ana dawa yake.

Adui wa kwanza ni maji. Maji yakichanganyika na mafuta, hasa yakisaidiwa na vimeng'enya vilivyomo ndani ya tunda, huyavunja mafuta na kuachia asidi. Ndiyo sababu chikichi lililopondeka na kuachwa siku kadhaa kabla ya kuchemshwa hutoa mawese yanayokwaruza kooni. Adui huyu huzuiwa kwa kuchemsha matunda mapema, kuyachuja mafuta vizuri na kuyakausha maji yote. Hakuna jani wala kiungo kinachoweza kufanya kazi hiyo badala yetu.

Adui wa pili ni hewa, nayo ndiyo shabaha ya somo hili. Ndani ya hewa mna oksijeni. Oksijeni hushika sehemu dhaifu za mafuta, na mafuta yaliyoshikwa hugeuka kuwa kitu chenye fujo kinachoitwa radikali huru. Radikali moja humshambulia jirani yake, jirani naye huwa radikali na kumshambulia mwingine. Ni mnyororo. Mwanzoni hatuoni wala hatunusi kitu. Baadaye mazao ya shambulio hilo huvunjika na kutoa harufu ile tunayoijua, kama ya rangi ya kupaka milango au ya karanga za zamani. Tunaposikia harufu hiyo, ujue vita vilianza muda mrefu uliopita.

Wapo wanaomsaidia adui huyu. Joto humwongezea kasi: kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 za Sentigredi zikiongezeka, kasi ya kuharibika hukaribia kuwa mara mbili. Mwanga wa jua humsaidia. Chembe za chuma na za shaba humsaidia sana, na ndiyo maana mafuta hayafai kuwekwa katika kopo lenye kutu.

Vile vile mafuta yote hayana udhaifu sawa. Nusu hivi ya mawese ni mafuta magumu ambayo hewa hupata shida kuyashika. Alizeti ya kawaida na soya yamejaa sehemu dhaifu. Asidi kuu ya mafuta hayo, iitwayo linoleiki, huungana na oksijeni zaidi ya mara kumi kwa kasi kuliko asidi kuu ya mafuta ya zeituni. Kwa hiyo dumu la alizeti au la soya lahitaji ulinzi mkubwa kuliko dumu la mawese.

3. Walinzi waliomo tayari ndani ya mafuta

Mmea hautengenezi mafuta ili sisi tukaangie. Huyatengeneza kuwa akiba ya mbegu, na akiba hiyo hutakiwa kudumu mpaka mvua inyeshe. Kwa sababu hiyo mmea huweka walinzi. Wataalamu huwaita antioksidanti. Kazi yao ni kusimama mbele ya radikali na kuipa kile inachokitafuta, ili isimshambulie jirani. Mnyororo hukatika. Lakini mlinzi aliyefanya hivyo amekwisha. Hawezi kufanya kazi hiyo mara nyingi bila kikomo. Jambo hili lazima tulikumbuke, maana ndilo linaloeleza karibu kila kitu kinachofuata.

Mlinzi anayejulikana zaidi ni vitamini E, iliyogunduliwa mwaka 1922 na Evans na Bishop huko California, Marekani. Mawese mekundu yanayo kwa wingi: kilo moja ya mawese ghafi huwa na miligramu 600 hadi 1,000 za vitamini E na ndugu zake. Ule wekundu nao ni karotini, miligramu 500 hadi 700 kwa kilo, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ufuta una walinzi wake wa pekee, na mbegu zake zikikaangwa kabla ya kukamuliwa, mmoja wao hugeuka kuwa sesamoli, ambayo ni mlinzi mwenye nguvu zaidi. Ndiyo maana mafuta ya ufuta husifiwa kwa kudumu.

Hapa hatuna budi kusema juu ya mazoea ya kuunguza mawese. Katika nyumba nyingi mawese mekundu huwekwa motoni mpaka yatoe moshi na kuwa meupe, ati yawe safi. Kinachoungua hapo ni karotini. Mama anayefanya hivyo amelipia vitamini A ya watoto wake kisha akaipeleka angani, na mafuta yanayobaki yamepoteza sehemu ya ulinzi wake. Kama hupendi ladha kali ya mawese, changanya kidogo na mafuta meupe wakati wa kupika. Usiyaunguze.

4. Walinzi wa kuongezwa

Je, tunaweza kuchukua walinzi wa mmea mmoja na kuwaweka katika mafuta ya mmea mwingine? Ndiyo. Viwanda hufanya hivyo. Kwa miaka mingi vilitumia kemikali za kutengenezwa, kama zile ziitwazo BHA na BHT, na bado vinazitumia. Lakini mwaka 1952 watafiti nchini Marekani walijaribu viungo vya jikoni zaidi ya thelathini ndani ya mafuta ya nguruwe, na wawili wakawashinda wenzao wote: rozmari na seji. Tangu hapo rozmari imekuwa malkia wa kazi hii. Mwaka 2010 Jumuiya ya Ulaya iliidhinisha rasmi dondoo la rozmari kuwa kiongezi cha kulinda vyakula, nalo huandikwa kwenye vifurushi kwa namba E 392.

Rozmari, ambayo wengi kwetu huiita romarini kwa kufuata Kifaransa, hupandwa nyumbani na majani yake huchemshwa kama chai. Nguvu yake hutokana hasa na asidi ya kanosiki. Asidi hiyo huyeyuka katika mafuta, tena huvumilia joto kuliko walinzi wengi.

Karafuu, zilizoijaza sifa Unguja na Pemba, zina eujenoli, nayo ni mlinzi mwema. Udhaifu wake ni kwamba harufu yake haijifichi. Mafuta yenye karafuu yanafaa pilau, hayafai chipsi. Tangawizi na manjano navyo vina walinzi, ingawa ladha na rangi zao huwekea mipaka matumizi.

Na chai je? Rusizi na jirani yake Nyamasheke zina viwanda vya chai vya Shagasha na Gisakura, na majani mabichi ya chai yana walinzi hodari sana. Hata hivyo walinzi hao hupenda maji, hawayeyuki vizuri katika mafuta, na wengi wao hubadilika chai inapochachushwa kuwa nyeusi. Viwandani huwageuza kwanza ndipo wakubali kuingia katika mafuta. Nyumbani hatuwezi. Kutupa majani ya chai ndani ya dumu ni kupoteza chai na kuchafua mafuta.

5. Mipaka na hatari

Tunawaomba wanachama wasome sehemu hii mara mbili.

Kwanza, mlinzi huzuia, hafufui. Mafuta yaliyokwisha kunuka hayarudi kuwa mazima kwa kutiwa rozmari. Harufu nzuri ya jani huweza kuificha harufu mbaya, na hapo tutakuwa tumejidanganya wenyewe. Mfanyabiashara anayetia viungo katika mafuta yaliyoharibika hayalindi, anamwibia mnunuzi.

Pili, jani bichi ni adui ndani ya nguo za rafiki. Lina maji, na tumekwisha kuona maji hufanya nini. Lina pia klorofili, ile rangi ya kijani, ambayo ikipigwa na mwanga huchochea kuharibika badala ya kukuzuia. Kwa hiyo jani likaushwe kabisa, lichujwe na kutolewa, na mafuta yakae gizani.

Tatu, na hili ni la uhai: usitie vitunguu saumu vibichi, pilipili mbichi wala mboga yoyote mbichi ndani ya mafuta na kuyaweka rafuni. Chini ya mafuta hakuna hewa, na yupo mdudu mmoja wa udongoni, wa ugonjwa uitwao botulizimu, anayestawi mahali pasipo hewa na kutoa sumu kali isiyo na harufu. Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula kitunguu saumu kilichosagwa na kuhifadhiwa ndani ya mafuta bila kuwekwa kwenye barafu. Mafuta yenye saumu mbichi yatengenezwe ya kutumika siku ile ile.

Nne, katika karai la kukaangia, ambako joto hufika nyuzi 180 hivi, walinzi huisha upesi. Rozmari huchelewesha uharibifu, lakini haitoi ruhusa ya kutumia mafuta yale yale mwezi mzima. Mafuta yakiwa meusi, mazito, yenye povu lisiloshuka, au yakitoa moshi kabla ya kupata moto wa kutosha, kazi yake ya chakula imekwisha. Wapelekeeni watengenezaji wa sabuni.

6. Mpishi naye ni mfanyakazi

Tusisahau aliyesimama mbele ya karai. Mafuta yaliyochoka hutoa moshi mapema, na ndani ya moshi huo mna akrolini, ambayo huchoma macho na koo. Mwaka 2006 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, waliuweka moshi wa kukaangia kwa moto mkali katika kundi la vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Mama wa sambusa sokoni na mpishi wa kantini huuvuta moshi huo kutwa nzima.

Kwa hiyo kamati za afya na usalama kazini zinapokagua mashine na vumbi, zikague na jiko. Ziulize: Mafuta hubadilishwa lini? Moshi hutokea wapi? Nani ana amri ya kusema mafuta haya basi? Mpishi asilazimishwe kuendelea na mafuta mabovu ili kuokoa fedha kidogo za kantini.

7. Utaratibu wa kufuata

(i) Gawaneni dumu siku ile ile linaponunuliwa. Nyumba nne zikigawana lita 20, kila moja hupata lita 5, na kwa matumizi ya lita moja kwa wiki yatakwisha katika wiki tano. Hakuna mmea unaoshinda hesabu hii.

(ii) Tumieni vyombo vidogo vilivyooshwa na kukaushwa kabisa. Jazeni mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi, kisha fungeni sawasawa.

(iii) Wekeni mahali penye giza na ubaridi, mbali na jiko na chini ya dirisha. Chupa nyeupe ifungwe kwa karatasi au kitambaa.

(iv) Usiongeze mafuta mapya juu ya masalia ya zamani. Masalia hayo yana radikali tayari, nayo huanza mara moja kuwamaliza walinzi wa mafuta mapya.

(v) Mafuta ya alizeti au soya ndiyo yanayostahili kutiwa rozmari. Kausha majani kivulini mpaka yakatike kama biskuti. Pasha mafuta polepole mpaka yawe ya moto lakini bado mbali na kutoa moshi, tia majani, epua, acha yapoe, kisha chuja kwa kitambaa kikavu. Anza na kijiko kimoja cha chai cha majani yaliyopondwa kwa lita. Ladha ikizidi, punguza.

(vi) Baada ya kukaanga, chuja makombo, funika, na usiache mafuta ndani ya karai la chuma usiku kucha. Chumvi itiwe kwenye chakula kilichokwisha kuepuliwa, si juu ya karai.

8. Jaribio la kikundi

Hatupendi wanachama waamini kwa sababu tu limeandikwa gazetini. Chukueni mafuta ya alizeti kutoka dumu moja na kuyatia katika chupa nne zilizo sawa, kila moja nusu:

Chupa A: mafuta matupu, iwekwe dirishani penye jua.
Chupa B: mafuta matupu, ifungwe kwa karatasi nyeusi, iwekwe hapo hapo dirishani.
Chupa C: mafuta yaliyotiwa rozmari kavu na kuchujwa, ifungwe kama B, iwekwe hapo hapo.
Chupa D: mafuta yaliyotiwa rozmari na kuchujwa, lakini bila karatasi, karibu na A.

Ili hesabu iwe ya haki, mafuta ya A na B nayo yapashwe moto kwanza kama yale ya C na D. Kila Jumamosi mtu asiyejua chupa ipi ni ipi anuse zote nne na kuzipanga, kuanzia iliyo nzuri mpaka iliyo mbaya. Mwingine aandike katika daftari. Msiyaonje wala kuyapikia. Tofauti ya A na B itawaonyesha kazi ya giza; tofauti ya B na C itawaonyesha kazi ya rozmari. D itawaambia kama jani peke yake laweza kushindana na jua. Tusiseme matokeo mapema. Daftari lenu ndilo litakalosema.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mlinzi wa mafuta hawezi kuyafufua mafuta yaliyokwisha kunuka?
2. Jirani yako anatia majani mabichi ya romarini ndani ya chupa na kuiweka dirishani ipendeze. Utamweleza nini?
3. Pigeni hesabu: katika nyumba zenu, dumu la lita 20 hudumu wiki ngapi? Ni nyumba ngapi zikigawana mafuta yatakwisha ndani ya wiki sita?
4. Katika kantini ya mahali penu pa kazi, nani huamua mafuta yabadilishwe? Je, mpishi husikilizwa?
5. Ni mazoea gani ya jikoni yanayopoteza karotini ya mawese, na mtayaachaje bila kuwaudhi wazee waliotufundisha kupika?

Kila kikundi kiandike majibu yake na matokeo ya jaribio lake, kisha kiyasome mbele ya wanachama wote katika mkutano wa tawi.